Sauti ya Nyanya Iliyofifia

Huenda nawe unayo video ya arusi au ruracio ambayo picha zake ni safi lakini wazee wanaonekana wakichezesha midomo tu. Yetu ilinaswa kule Kutus, Kirinyaga, nyanya akimbariki dada yangu huku mvua ikipiga mabati. Nyanya hayuko tena, na hatuna sauti yake nyingine.

Binamu yangu alinishauri nitumie VLC, nipandishe sauti ipite asilimia 100. Kweli, tulimsikia. Lakini hapo unaongeza sauti ya kuchezea tu. Faili yenyewe haibadiliki. Ukimtumia shangazi kwa simu, atapata mnong'ono ule ule.

Dawa ni kuikuza sauti ndani ya faili, tena si yote kwa mkupuo. Vigelegele vya akina mama tayari vilikuwa juu. Ukivikuza, vinapita desibeli 0, kikomo cha sauti ya kidijitali. Vilele vya wimbi hukatwa, na masikio yako ndiyo yatakayoumia! Kwa hivyo nilitoa nakala, nikafungua sauti katika Audacity (iongezee FFmpeg ndipo isome video), nikachagua maneno ya nyanya pekee na kuyapandisha desibeli 6, yaani ukubwa wa wimbi maradufu. Kisha nikairudisha sauti kwenye picha.

Mvua nayo ilipanda, bila shaka. Niliipunguza kidogo; nilipozidisha, nyanya alisikika kama anayeongea ndani ya mtungi. Nikaiacha inyeshe. Mama ameshaisikiliza mara tatu.