Mji wa Taa Moja na Ukumbi Nilioufunga

Nina jambo la kuungama mbele ya wasomaji wangu, hasa wale walio watumishi wa umma. Lakini siwezi kulisema kabla ya kusimulia safari ya siku tatu niliyoifanya katika milima ya kusini-magharibi mwa jimbo la Virginia, nchini Marekani, nikilala ndani ya nyumba yenye magurudumu.

Nilikuwa huko kwa muhula mmoja kama mwalimu mgeni. Mwenyeji wangu, profesa mstaafu wa historia, na mkewe wana gari-nyumba: refu kama basi dogo la abiria, lenye kitanda, jiko la gesi, jokofu, choo, na meza ya kulia ambayo usiku hukunjwa ikawa kitanda cha mgeni. Mgeni nilikuwa mimi. Nilipopanda nilijisemea kwamba nimeingia katika starehe ya watu wenye nafasi, nikajiandaa kuistahimili kwa adabu ya mtafiti.

Starehe hiyo ilipungua jioni ya kwanza tulipofika kwenye kambi ya magari. Profesa alivaa glovu za mpira, akainama chini ya gari na kuunganisha bomba la maji taka na shimo la kambi. Mkewe aliunganisha maji safi na umeme. Mimi nilipewa kazi ya kushika tochi. Jirani yetu, seremala wa makamo aliyekuwa amerudi kazini, alikuja kutusaidia bomba lilipokataa kukaza. Gari lake lilifanana na letu, ila matairi yalikuwa yamezama udongoni na pembeni palikuwa na vyungu vya nyanya. Nilimwuliza yuko likizo kwa muda gani. Akacheka. Alikuwa na miaka miwili pale. Kodi ya nyumba ilikuwa imemshinda. Gari la aina ileile kwetu lilikuwa mapumziko, na kwake lilikuwa makazi ya mwisho kabla ya kukosa makazi kabisa. Ninaliandika hili mapema ili msomaji asidhani kwamba nilikwenda Marekani nikarudi nimelewa sifa zake.

Siku ya pili, Ijumaa, tuliingia Floyd. Ni mji wa watu mia chache tu, na wilaya yake yote hujulikana kwa kuwa na taa moja ya kuongozea magari. Ungeupita ukiwa unatafuta miwani yako. Lakini kila Ijumaa jioni, duka moja la zamani la bidhaa mchanganyiko husogeza rafu zake na kugeuka ukumbi. Saa ya kwanza ni ya nyimbo za injili. Baada ya hapo huingia bendi za dansi: fidla, banjo, gitaa, na besi kubwa ya kusimama. Kiingilio ni kidogo. Watu hucheza ngoma ya miguu, wakigonga sakafu ya mbao kwa viatu vilivyotiwa vyuma chini, kiasi kwamba wachezaji nao huwa sehemu ya bendi. Niliona bibi mwenye mvi akimshika mkono mvulana wa miaka kama minane, akimwonyesha pa kuweka kisigino. Hakuna aliyewapigia makofi, kwa kuwa hakuna aliyeona ajabu. Nje, kando ya barabara, makundi mengine yalikuwa yamekaa kwenye viti vya kukunja yakipiga yao bila jukwaa wala kipaza sauti.

Nilitazama ukumbi kwa jicho la mtu mweusi aliye peke yake, au karibu peke yake, katika chumba cha watu weupe. Hakuna aliyenitendea vibaya. Mzee mmoja aliondoa kofia yake kitini ili nikae. Hata hivyo nilijua jambo ambalo chumba kile hakikulisema. Banjo ni mtoto wa Afrika. Watumwa kutoka Afrika Magharibi waliujua ufundi wa kibuyu kilichowambwa ngozi na kutiwa nyuzi, na hadi leo Wajola wa Senegambia wanapiga akonting, ambayo ukiiona utaitambua kama ndugu wa mbali. Katika karne ya 19 wanamuziki weupe walijifunza banjo kwa watu weusi, wakaipandisha jukwaani wakiwa wamejipaka masizi usoni kuwadhihaki walimu wao. Miaka ikapita, chombo kikawa nembo ya milima ya watu weupe. Utamaduni unaweza kutunzwa vizuri sana na bado ukasahau jina la aliyeuzaa. Tusiwacheke wenzetu kwa hilo. Pwani yetu nayo ina ngoma ambazo zilianza kwa watumwa, na wajukuu wa mabwana ndio wanaozieleza leo.

Siku ya tatu tulikwenda Bristol, mji ambao barabara yake kuu ni mpaka: upande mmoja Virginia, upande wa pili Tennessee. Hapo, kuanzia mwishoni mwa Julai hadi mapema Agosti 1927, Ralph Peer wa kampuni ya Victor alipanga mitambo ya kurekodi katika jengo lililokuwa la wafanyabiashara wa kofia, akawaita watu wa vijijini waje waimbe. Wakaja familia ya Carter. Akaja pia Jimmie Rodgers, aliyewahi kuwa mfanyakazi wa reli na aliyekuwa akiugua kifua kikuu. Mwaka uliofuata, mwaka 1928, kampuni ya gramafoni ilimsafirisha Siti binti Saad kutoka Zanzibar hadi Bombay kumrekodi kwa Kiswahili. Binti wa mfinyanzi wa Fumba na kijana wa reli wa Mississippi waliingia katika santuri karibu wakati mmoja, wote wawili wakitoka katika tabaka ambalo waungwana hawakudhani lina la kuuza.

Na santuri husafiri. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipokuwa akirekodi miongoni mwa Wakipsigis wa Kenya, alikuta wasichana wakiimba juu ya kiumbe anayeitwa Chemirocha, nusu mtu nusu paa. Chemirocha alikuwa Jimmie Rodgers. Sauti yake ilikuwa imefika kwa gramafoni, ikapewa jina la Kikipsigis, kwato na hadithi. Nilipomweleza profesa habari hii mbele ya picha ya Rodgers, alikaa kimya, kisha akaniuliza swali ambalo nilikuwa nikilikwepa safari nzima: "Na katika mji wenu, Ijumaa usiku, watu wanakwenda wapi?"

Sasa niungame.

Nilizaliwa katika mji mdogo kando ya reli ya kati. Baba alikuwa karani wa reli mchana na mpiga gitaa la pili usiku, katika bendi ambayo haikupata kujulikana nje ya vituo vitatu vya treni. Jumamosi alivaa sare ya bendi, shati la rangi ya maziwa lililopigwa pasi na mama. Nyumbani alisikiliza Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, Salum Abdallah, na, kama wazee wengi wa kizazi chake, Jim Reeves. Ulikuwa wakati ambao taasisi zilimiliki bendi: chama cha wafanyakazi kilikuwa na NUTA Jazz, polisi walikuwa na yao, jeshi la kujenga taifa lilikuwa na yake. Mpiga gitaa aliweza kuwa mwajiriwa mwenye mshahara. Mfumo ule ulikuwa na kasoro zake, ikiwamo ya kumfanya msanii aimbe anachotaka mwajiri. Lakini ulitambua jambo moja, kwamba muziki wa jukwaani ni kazi, na kazi huhitaji mahali pa kufanyiwa.

Miaka kadhaa iliyopita, mji wetu uliunda kamati ndogo kushauri juu ya majengo chakavu. Nikaalikwa kama "msomi mzaliwa wa hapa". Katika orodha kulikuwa na ukumbi ule wa dansi. Mjumbe mmoja, mama muuza vitenge, alisema ukarabatiwe. Nakumbuka nilivyomjibu, kwa lugha ya staha na takwimu: kwamba mji una vipaumbele, kwamba starehe si huduma ya jamii, kwamba mapato ya kukodisha jengo kama ghala yanapimika na ya dansi hayapimiki. Mama yule alisema, "Sawa, mwanangu, wewe ndiye uliyesoma." Ukumbi ukawa ghala. Baba alikuwa hai. Hakuniuliza neno. Baada ya mwezi aliniambia tu kwamba gitaa lake limempa mjukuu wa jirani, kwani hapakuwa na pa kulipigia.

Huko Virginia hoja yangu ilivunjika mbele ya macho yangu. Milima ile ilikuwa imepoteza migodi mingi ya makaa, viwanda vya nguo na samani. Hawakusubiri viwanda virudi ndipo wakumbuke muziki. Serikali za mitaa, jimbo na wananchi waliunganisha kumbi ndogo zilizokuwapo tayari katika njia moja waliyoiita Barabara Iliyopinda, kama kilomita 530, wakaweka vibao barabarani ili msafiri ajue pa kusimama. Hata barabara ya kitalii inayopita karibu na Floyd, ile ya Blue Ridge, ilianza kujengwa mwaka 1935 kama kazi za umma wakati wa mdororo mkuu wa uchumi. Muziki haukurudisha mishahara ya mgodini. Seremala jirani yetu ni shahidi. Lakini Ijumaa ile gari letu lilijaza mafuta Floyd, likanunua mkate Floyd, likalipia kambi karibu na Floyd. Hayo nayo yanapimika, kwa mtu anayetaka kupima.

Wanafunzi wangu watasema, kwa haki, kwamba kwetu kuna matamasha. Yapo, na Bagamoyo imefanya mengi kwa chuo chake cha sanaa. Lakini tamasha lina mgeni rasmi, mahema na siku ya kufungwa. Nilichokiona kilikuwa mlango mmoja unaofunguliwa kila wiki, iwe mvua iwe jua, na mtoto anayejua kwamba Ijumaa ijayo kisigino chake kitapata nafasi nyingine ya kukosea. Afisa utamaduni wa wilaya anayesoma haya hahitaji bajeti ya tamasha kuanza. Anahitaji chumba kimoja, umeme, ada ya kibali ambayo bendi ya watu watano inaweza kuilipa, na mtu wa kulilinda jambo hilo kamati kama yangu itakapokuja na takwimu zake.

Niliporudi nilikwenda kuuona ukumbi. Baba ameshafariki. Mlinzi alinifungulia nikiwa nimemwambia nataka kukumbuka tu. Ndani kulikuwa na mifuko ya saruji hadi karibu na dari, imepangwa juu ya kitu kilichoinuka kama nusu mita kutoka sakafuni. Nilipoinama nikaona mbao. Jukwaa halijang'olewa.

Mkataba wa kukodisha ghala unamalizika mwakani. Nimeandika barua ya kurasa mbili kwa halmashauri, nikieleza kwamba ushauri wangu wa awali ulikuwa na makosa na ni wapi ulipokosea. Nakala ya kwanza nilimpelekea yule mama wa vitenge. Aliisoma akiwa amesimama dukani, akaikunja, akaniuliza kama kamati itamwalika tena.