Damu Haina Mwenyewe

Hapa Pemba pweza tunamfahamu kwa supu na kwa mchuzi wa nazi. Maji yanapokupwa wakati wa bamvua, kina mama huenda mwambani kumtafuta mashimoni mwake. Ni wachache wetu wanaojua kwamba mnyama huyo tunayemponda ili alainike ana mioyo mitatu. Miwili husukuma damu kwenye matamvua ikachukue oksijeni, na wa tatu huisambaza mwilini. Damu yake ni ya buluu kwa sababu ya madini ya shaba yanayobeba oksijeni. Yetu ni nyekundu kwa sababu ya chuma.

Sisi tumepewa moyo mmoja wenye pande mbili. Upande wa kulia hupeleka damu mapafuni, wa kushoto huipeleka mwili mzima. Mtu mzima ana damu kama lita 5, na akiwa ametulia, moyo huizungusha yote kwa dakika moja hivi. Humo hupita chakula kitokacho kwenye utumbo, hewa itokayo mapafuni, na taka zinazopelekwa kwenye figo. Hakuna kiungo kiwezacho kuizuia damu na kusema, hii ni yangu. Hata moyo, uliojaa damu saa zote, haushibi kwa damu iliyomo ndani yake. Kuta zake hulishwa na mishipa midogo inayochepuka kutoka kwenye mshipa mkuu. Nao hupewa sehemu yake kama viungo vingine.

Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba sisi tu viungo vya mwili mmoja. Naye Martin Luther, katika kitabu chake juu ya uhuru wa Mkristo cha mwaka 1520, alifundisha kwamba mema tuyapokeayo kwa Mungu yapasa kutiririka kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine.

Usharika wetu ni mdogo. Wengi wetu tumetoka bara kwa ajili ya kazi, na majirani zetu karibu wote ni Waislamu. Watu wakiwa wachache ni rahisi kujikunyata: tutembeleane sisi kwa sisi, tusaidiane sisi kwa sisi. Mwaka mmoja, mwezi wa Ramadhani, mama mmoja wa usharika alijifungua akapoteza damu nyingi. Ndugu zake walikuwa ng'ambo ya bahari. Kati yetu tuliofika hospitali, wawili tu ndio ambao damu yao ilimfaa. Baada ya futari wakaja majirani zake, vijana watatu pamoja na shangazi yao, wakaketi kwenye benchi kusubiri kupimwa. Tulipoanza kuwashukuru, yule shangazi akatukatiza: “Mchungaji, jirani ni ndugu. Kwanza apone.” Akapona, na mtoto pia.

Baadaye baraza la wazee lilipendekeza usharika wote uwe unachangia damu. Mzee mmoja akauliza, “Damu yetu itamwendea nani?” Hakuuliza kwa ubaya, wengine wetu tulikuwa na swali hilo hilo moyoni. Jibu ni kwamba mfuko wa damu huandikwa namba na kundi la damu. Dini haiandikwi. Anayeletewa usiku hajui ni ya nani, wala aliyeitoa hajui imemwendea nani.

Tukumbuke pia kwamba chembe nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi. Tuitoe, tusiitoe, itakufa, na mwili utaunda nyingine mahali pake. Hakuna awezaye kuiweka akiba mwilini mwake ya miaka ijayo. Ndivyo zilivyo neema nyingi tulizopewa, kama nguvu, muda na afya.

Wapendwa, kila tunapoijia Meza ya Bwana tunapokea uhai tusioununua, uliomwagwa kwa ajili yetu tungali wageni kwake. Uhai huo usiishie kwetu. Tuwatembelee majirani zetu wakiwa na msiba na wakiwa na furaha, na hospitali ikiita wachangiaji, tuwe miongoni mwao. Mungu atujalie kuwa mishipa iliyo wazi. Amina.