Usiku wa Tarehe 30 Oktoba

Katika miji midogo ya New Jersey, Oktoba ikielekea ukingoni, wauza duka huanza kumtazama kwa jicho la pembeni kijana anayebeba mayai paketi tatu kwa mpigo. Maduka mengine hayamuuzii kabisa mpaka aje na mzazi. Mgeni atadhani mayai yameadimika. Kumbe kinachongojwa ni usiku wa tarehe 30, siku moja kabla ya Halloween, ambao wenyeji wanauita Mischief Night, usiku wa utundu. Ukipanda kaskazini hadi kaunti ya Bergen utasikia ukiitwa Cabbage Night, kwa kuwa silaha ya zamani ilikuwa kabichi iliyooza.

Usiku huo ulinikuta kwa binamu yangu, katika mji mmoja jirani na Princeton. Jua lilipozama, mnamo saa kumi na mbili jioni, mtaa mzima ulikuwa ukiingiza vitu ndani: viti vya barazani, baiskeli, na hasa maboga yaliyochongwa macho na meno, maana boga likiachwa nje litakutwa limepasuliwa katikati ya barabara. Haikupita saa, kengele ya mlango ikalia. Nikaenda kufungua, hapakuwa na mtu. Nilisikia tu vicheko nyuma ya ua wa jirani. Kengele ilipolia tena shemeji akaniambia, “Kaa, kaka, kula chakula chako. Watachoka.”

Asubuhi nilitoka kutazama. Mti wa maple uliokuwa mbele ya nyumba, wenye majani mekundu kama ya mkungu unapojiandaa kuyapukutisha, ulikuwa umevishwa tishu za chooni kuanzia kileleni hadi shinani. Kazi hiyo ina ufundi wake: unashika ncha ya karatasi, unarusha bunda juu ya tawi, linaangukia upande wa pili likiacha mkia mrefu mweupe, unaliokota na kulirusha tena mpaka liishe. Umande ukishaingia, karatasi hugeuka uji na kunata kwenye magome. Gari la jirani lilikuwa limepigwa mayai. Alikuwa akiliosha kwa maji ya vuguvugu, taratibu, kwa kitambaa laini. Ya moto hayafai, alinieleza, yataliivisha yai palepale. Na ukiliacha likaukie juani litakula rangi. Alieleza hayo bila hasira, akakumbuka mwaka ambao yeye mwenyewe, akiwa mvulana, alipaka sabuni madirisha ya mwalimu wake.

Nilichoshindwa kukizoea ni jioni iliyofuata. Watoto walewale, au walioelekea kuwa walewale, walikuja kwenye mlango uleule wakiwa wamevaa vinyago, wakanyoosha mifuko, wakapewa peremende. Hakuna aliyemuuliza mwenzake kitu. Zamani utundu na Halloween havikutengana hivi. Vurugu zilikuwa za usiku wa Halloween wenyewe. Miji ilipochoshwa na mageti yaliyong’olewa na vioo vilivyovunjwa, mwanzoni mwa karne iliyopita, watu wazima walianza kuwavuta watoto kwa sherehe na vitu vitamu. Halloween ikapoa. Utundu ukahamia usiku wa jana yake, na si kila mahali: ukisafiri majimbo mengi ya Marekani na kuutaja usiku huu, utatazamwa kama umebuni. Kaskazini mwa Uingereza nako wapo vijana wenye usiku wa namna hiyo, ila wao huufanya tarehe 4 Novemba.

Nilijikuta nawaza utani. Kwetu mwenye leseni ya kukuchokoza anajulikana kwa kabila na kwa sura. Mpare akimkuta Mchaga, au Mnyamwezi akimkuta Mzaramo, mlango uko wazi mwaka mzima, mchana kweupe. Nimewahi kuona msibani mtani akivaa koti na kofia ya marehemu, akaiga mwendo wake wa kuchechemea hadi wafiwa wakacheka na machozi yao. Mwingine akaingia kaburini akalala, akasema hatoki mpaka alipwe. Akalipwa. Na mtani huyohuyo ndiye aliyebeba maji na kuchimba tangu alfajiri. Pale New Jersey leseni hana mtu; leseni ni ya tarehe. Anayekurushia yai hana jina, na hadai wala hadaiwi.

Labda ndiyo maana mambo yalipoharibika yaliharibika vibaya. Detroit, ambako usiku huu uliitwa Devil’s Night, mwaka 1984 moto uliwashwa mahali zaidi ya 800 katika siku chache za kuzunguka tarehe hiyo, mwingi katika nyumba zilizohamwa. Mwaka 1991 Camden, New Jersey, nayo iliungua usiku mmoja. Kuanzia 1995 Detroit iliita wananchi walinde mitaa, wakajitokeza makumi ya maelfu na magari yenye taa za kumulika, na usiku ukapewa jina la malaika badala ya shetani.

Mtoto wa yule jirani wa mayai alizaliwa tarehe 30 Oktoba, naye anaijua siku yake kwa kujivunia, pamoja na wote anaochangia nao. Wa kwanza kwenye orodha yake ni John Adams, rais wa pili wa Marekani. Sikutaka kumvunja moyo, lakini Adams alizaliwa tarehe 19 Oktoba 1735 kwa kalenda ya wakati ule. Uingereza na makoloni yake walipobadili kalenda mwaka 1752, siku zikasogezwa 11, naye akajikuta kwenye tarehe 30. Kwetu wazee chungu nzima wamezaliwa tarehe 1 Julai, kwa sababu karani wa pasipoti alihitaji kuandika kitu.

Wa pili ni Diego Maradona, aliyezaliwa 1960 Lanús, Argentina. Huyu kweli ni mtoto wa usiku wa utundu. Tarehe 22 Juni 1986, Mexico, aliusukuma mpira wavuni kwa mkono dhidi ya England, na refa Ali Bin Nasser wa Tunisia akaweka kati. Dakika nne baadaye akawapita Waingereza kama miti akafunga lile ambalo halina mjadala. Mjini Rosario kuna waumini wake wanaohesabu miaka kuanzia kuzaliwa kwake, na kwao usiku wa kuamkia tarehe 30 ndio Krismasi.

Siku hiyohiyo, mwaka 1938, kijana Orson Welles alitangaza redioni mchezo wa viumbe wa Mars waliotua Grover’s Mill, kijiji kilicho mwendo mfupi kwa gari kutoka kwa binamu yangu. Magazeti yalikuza taharuki kuliko ilivyokuwa, lakini wapo waliotishika kweli, na leo pana mnara wa kumbukumbu. Na alfajiri ya tarehe 30 Oktoba 1974, Kinshasa, Muhammad Ali alijiegemeza kwenye kamba, akamwacha George Foreman apige mpaka mikono iishe nguvu, kisha akamwangusha raundi ya nane. Pambano lilipangwa Septemba. Foreman alichanika juu ya jicho mazoezini, likasogezwa.

Mvulana aliniuliza sisi tunamfanyia nini mtu siku yake ya kuzaliwa. Nikamwambia: tunamvizia na kummwagia maji, ndoo nzima, akiwa na nguo zake nzuri, mbele ya keki. Nani? Marafiki zake, ndugu zake, hata mama yake. Wakati mwingine unga hufuata.

“Halafu mnakimbia?”

“Tukimbilie wapi? Keki iko palepale.”

Alifikiri kidogo, akauliza kama kuna anayemlazimisha mtu kutaja tarehe yake. Nikamshauri akifika Tanga aseme ni Julai mosi.