Sekunde 12 Nilizokata

Mwaka jana nilitoa vidio ya kuonyesha vile unaweza kubadilisha cheni ya Boxer nyumbani bila kupeleka kwa fundi. Ilienda vizuri sana. Lakini kabla ya kuitoa, nilikata sekunde 12. Hapo nilikuwa nachomeka pini ya chuma kwa lifti ya pikipiki, pole pole, bila kusema neno. Nikaona inaboo. Watu hawana subira, si mnajijua?

Lifti yenyewe iko nyuma ya nyumba ya mathe, chini ya mabati. Ni meza ya chuma yenye miguu ya mkasi na jeki ya haidroliki ya kuisukuma juu. Unakanyaga pedali mara kadhaa, na pikipiki ya zaidi ya kilo 100 inapanda hadi kiunoni. Huinami tena. Mgongo unashukuru.

Wiki chache baadaye, brathe wangu mdogo akaamua kubadilisha cheni ya pikipiki ya mjomba. Mimi sikuwa nyumbani. Alifuata vidio hatua kwa hatua. Akiwa ashafungua ekseli ya nyuma, nati ikabiringika ikaingia chini ya meza. Akanyoosha mkono kuichukua. Jeki ikaachilia.

Namshukuru Mungu kulikuwa na kipande cha mbao hapo chini, meza haikushuka yote. Lakini kidole chake cha pete hakikunji tena. Hospitalini nilikuwa tayari kumfokea, akaniangalia akasema, "Brathe, nilifanya tu vile ulifanya."

Sikuwa na jibu.

Fundi mmoja wa mtaa alikuja kuiangalia ile lifti. Nikamuuliza, "Mzee, na hii jeki si bado mpya?" Akapitisha kidole kwa silinda, kikatoka na mafuta. "Kijana," akasema, "jeki kazi yake ni kuinua. Kushikilia ni kazi ya chuma."

Mimi niliyesoma uhandisi miaka miwili kabla ya kuacha chuo, nilifaa kujua hiyo. Kinachobeba uzito ndani ya jeki ni mafuta yaliyobanwa, na kinachozuia mafuta ni sili ya mpira. Sili ikichakaa, au uchafu ukikaa kwa valvu, mafuta yanapita na mzigo unashuka. Saa zingine pole pole, saa zingine mara moja. Ukishachomeka pini na kushusha meza kidogo hadi ikae juu yake, uzito unatoka kwa mafuta unaenda kwa chuma. Hata jeki ikifa, meza haiendi popote.

Kwa hivyo kama uko na lifti nyumbani, au unapanga kuchomelewa moja, nisikize.

Iweke kwa sakafu ya simiti iliyo sawa, si kwa udongo. Jua uzito inaoweza kubeba, na ujue uzito wa pikipiki yako. Kama aliyeitengeneza hawezi kukuambia, usiinunue. Gurudumu la mbele libanwe lisizunguke, halafu funga mikanda ile ya kukaza mizigo, kushoto na kulia, kabla ya kuinua. Usiinue kitu hakijafungwa. Ikifika juu, pini. Halafu itingishe kidogo kabla hujashika spana.

Kumbuka pia ukitoa gurudumu la nyuma, nyuma inakuwa nyepesi na uzito unahamia mbele. Pikipiki iliyokuwa imetulia inaweza kuinama bila kukuonya. Ndio maana mikanda ya nyuma pia ni lazima, na kitu cha kushikilia fremu kutoka chini. Usipande kukaa juu yake eti upigwe picha. Na ikianza kuanguka, ruka kando, iache. Tanki lililobonyea linanyooshwa.

Nati ikiingia chini ya meza? Ivute na kijiti. Mkono usiingie hapo, hata pini ikiwa ndani.

Sisi watu wa vidio tunapenda kusema tunawafunza. Lakini tunakata kila kitu kinachochukua muda, na mara nyingi usalama uko hapo kwa ule muda. Anayetazama hawezi kujua tumetoa nini. Anaona kazi imeisha kwa dakika tatu, anadhani hiyo ndiyo kazi yote.

Ile vidio ya zamani nimeifuta, na watazamaji wake wote wameenda nayo. Mpya iko juu, ndefu na inaboo vizuri. Pini inachomekwa na brathe mwenyewe, na mkono ule ule. Alikataa nimsaidie.