Waziri Alipotoka Bungeni: Kumbukumbu za Swali la Maandishi Nchini Kenya

Katika mabunge yaliyorithi utaratibu wa Uingereza, swali la bunge ni ombi rasmi la maelezo ambalo mbunge asiye waziri huliandika, hulitia sahihi na kulikabidhi kwa Karani wa Bunge, ili wizara inayohusika itoe jibu litakaloingizwa katika Hansard, yaani taarifa rasmi ya majadiliano. Jibu hilo huweza kutolewa kwa mdomo mbele ya wabunge wote, ambapo muulizaji na wenzake hupata nafasi ya kuuliza maswali ya nyongeza yasiyotangazwa mapema, au huweza kutolewa kwa maandishi matupu, bila mtu kusimama na kulisoma. Kwa vyovyote vile, chanzo chake ni karatasi, na karatasi hiyo ina sifa ambayo hotuba haina: inamtaja mhusika, inaeleza jambo lenyewe, na inaacha pengo linaloonekana wazi iwapo halijajibiwa.

Desturi hii ni kongwe. Mwaka 1721, katika Baraza la Malordi mjini London, Earl Cowper aliitaka serikali ieleze kama ilikuwa kweli kwamba Robert Knight, mtunza fedha wa kampuni ya South Sea aliyekuwa ametoroka, alikuwa amekamatwa ng'ambo, na tukio hilo ndilo linalotajwa kwa kawaida kuwa swali la kwanza la bunge lililohifadhiwa katika kumbukumbu. Majibu ya maandishi yalikuja baadaye sana, katika mabadiliko ya kanuni ya mwaka 1902 yaliyoongozwa na Arthur Balfour, wakati maswali yalipokuwa yamezidi muda wa kuyajibu. Kenya ya kikoloni ilipopata Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1907 ilipokea pia tabia hiyo, ingawa Waafrika walisubiri hadi mwaka 1944, Eliud Mathu alipoteuliwa, ndipo mmoja wao akaweza kuuliza kwa kinywa chake.

Kumbukumbu zinazofuata ni za mwandishi aliyeingia katika utumishi wa umma wakati wa chama kimoja, akawa miongoni mwa maafisa wadogo waliotayarisha majibu ya mawaziri, na ambaye hata baada ya kuacha kazi hiyo aliendelea kuisoma Hansard kwa mazoea. Kwa mtu aliyelijua swali la bunge kutoka upande wa wizara, historia yake haianzi kwenye ukumbi wa mijadala bali kwenye jalada. Swali lilipofika kwa Katibu wa Kudumu, aliyekuwa mtendaji mkuu wa wizara chini ya waziri, jalada lake lilipewa nafasi mbele ya mengine yote, kwa kuwa lilikuwa na tarehe ambayo hapana mtu katika wizara aliyeweza kuiahirisha. Lilishuka kwa mkuu wa idara, likapelekwa mkoani na wilayani ambako ukweli ulikuwa, kisha likapanda tena ngazi kwa ngazi, kila afisa akilainisha neno moja au mawili, hadi likawa jibu fupi ambalo waziri angeweza kulisoma bila kujikwaa. Pamoja na jibu hilo kulikuwa na karatasi ya pili iliyokuwa na kazi ngumu zaidi, kwa maana ndani yake maafisa walijaribu kubashiri maswali ya nyongeza. Kila mtu aliyewahi kuiandika karatasi hiyo anajua kwamba mbunge mwerevu hakuuliza swali la msingi ili apate jibu lake. Aliliuliza ili apate haki ya kuuliza la pili.

Umbo la maswali lilikuwa karibu halibadiliki. Sehemu ya (a) iliuliza iwapo waziri alikuwa na habari kwamba daraja fulani lilikuwa limebomoka au kwamba zahanati fulani haikuwa na dawa, sehemu ya (b) ikauliza sababu, na sehemu ya (c) ikauliza hatua ambazo serikali ilikusudia kuchukua na lini. Kanuni za Kudumu, ambazo ni sheria za ndani za Bunge kuhusu uendeshaji wa shughuli zake, zilikataza swali lenye hoja, kejeli, maoni au jambo lililokuwa mahakamani, na kwa hiyo ofisi ya Karani ilikuwa na kalamu kali. Wizara nazo zilikuwa na ustadi wao. Jibu lililopendwa kuliko yote lilikuwa la kusema kwamba waziri hakuwa na habari, na kwamba kutokana na jibu hilo sehemu za (b) na (c) hazikuhitaji kujibiwa. La pili kwa umaarufu lilikuwa la ahadi kwamba kazi ingefanywa fedha zikipatikana. Asiyekuwa ndani ya ofisi hizo angeweza kuamini kwamba mchezo wote ulikuwa wa maneno. Hata hivyo mwandishi alishuhudia zaidi ya mara moja dawa zikifika katika kituo cha afya siku chache kabla ya tarehe ya swali, kwa sababu tu afisa fulani hakutaka waziri wake asimame na kukiri kwamba rafu zilikuwa tupu. Manufaa makubwa ya swali yalikuwa hapo, katika wiki zile za kulisubiri, wakati ofisi ilipolazimika kujichunguza yenyewe kabla ya kuchunguzwa, na manufaa hayo hayakuonekana popote katika Hansard.

Isidhaniwe kwamba zama hizo zilikuwa za raha. Oktoba 1975 Martin Shikuku na Naibu Spika Jean-Marie Seroney walikamatwa na kuwekwa kizuizini kwa maneno waliyoyatamka bungeni, na mwaka 1977 George Anyona, ambaye alikuwa akiihoji serikali kuhusu zabuni ya mabehewa ya reli, naye akazuiliwa bila kufunguliwa mashtaka hadi mwisho wa mwaka uliofuata. Mipaka ilijulikana bila kuandikwa: barabara, maji na mishahara ya walimu viliulizwa kwa uhuru, lakini zabuni na ardhi za wakubwa ziliulizwa na wachache ambao walikuwa tayari kulipa gharama. Swali lilikuwa na nguvu katika mambo madogo, na katika mambo makubwa lilikuwa hatari kwa muulizaji kuliko kwa muulizwaji.

Kurejea kwa vyama vingi, baada ya mabadiliko ya katiba ya Desemba 1991 na uchaguzi wa mwaka 1992, kulibadilisha hesabu hiyo. Upinzani sasa ulikuwa na viti, na mtumishi wa umma mwenye dhamiri alikuwa na mtu wa kumpelekea nakala za hati. Kashfa ya Goldenberg, iliyohusu malipo makubwa ya serikali kwa madai ya uuzaji wa dhahabu na almasi nje ya nchi, iliingia bungeni kwa msaada wa hati alizozitoa David Munyakei, karani wa Benki Kuu, kwa wabunge wa upinzani Peter Anyang' Nyong'o na Paul Muite. Aprili 2004 ilikuwa zamu ya Maoka Maore, mbunge wa Ntonyiri, kuwasilisha hati kuhusu mkataba wa vifaa vya kutengenezea pasipoti, na jina la Anglo Leasing likaanza kujulikana kwa wananchi. Katika visa vyote viwili mbunge hakupata ukweli kutoka kwa waziri. Alikwenda nao mkononi, na kazi ya ukumbi ilikuwa kumlazimisha waziri aseme jambo mbele ya ushahidi, ili kauli yake ibaki kwenye taarifa rasmi na iweze kupimwa baadaye. Munyakei mwenyewe alipoteza kazi na kufikishwa mahakamani, jambo ambalo wasifiaji wa Bunge hulisahau upesi.

Ndipo ikaja Katiba mpya, iliyotangazwa rasmi tarehe 27 Agosti 2010. Nia yake ilikuwa njema: waziri asiwe mbunge, ili Bunge linalosimamia serikali lisiwe na serikali ndani yake, kwa kuwa katika mpango wa zamani mawaziri na wasaidizi wao walikuwa wengi kiasi cha kuizima hoja yoyote kwa kura zao. Ibara ya 152 ikaweka sharti hilo, na Ibara ya 153 ikasema kwamba waziri atafika mbele ya kamati ya Bunge la Taifa au ya Seneti anapotakiwa, ajibu swali lolote linalohusu wajibu wake. Neno lililotumika ni kamati. Baada ya uchaguzi wa Machi 2013, wabunge walipokutana, viti vya mbele vilikuwa na viongozi wa vyama, lakini hapakuwa na mtu mmoja aliyeweza kusema, kama ilivyokuwa desturi, kwamba anaomba kujibu.

Bunge lilijaribu kuliziba pengo hilo kwa kauli za wenyeviti. Mbunge aliomba kauli, mwenyekiti wa kamati inayohusika akaiandikia wizara, wizara ikaleta barua, naye mwenyekiti akasimama na kuisoma. Ilipofika zamu ya maswali ya nyongeza, udhaifu wa mpango huo ulidhihirika, kwa sababu mwenyekiti hakujua lolote zaidi ya barua aliyokuwa ameishika, wala hakuweza kuwajibika kwa kosa la wizara ambayo hakuiongoza. Na Waswahili walikwisha kusema kwamba mjumbe hauawi. Kwa maoni ya mwandishi, kipindi hicho ndicho kinachofundisha zaidi kuhusu tabia ya swali la maandishi, kwani maandishi yalikuwepo, majibu yalikuwepo, Hansard iliendelea kuchapishwa, na bado kitu cha msingi kilikuwa kimeondoka. Aliyezoea kutayarisha majibu angeweza kukisia kilichotokea upande wa pili: barua ambayo haitasomwa na waziri mwenyewe huandikwa na afisa wa ngazi ya chini, hupitishwa bila kusomwa mara mbili, na ile karatasi ya pili, ya maswali ya nyongeza, haina haja ya kuandikwa kabisa.

Bunge la kumi na mbili, lililoanza mwaka 2017, lilirudisha maswali kwa jina lake. Mbunge aliuliza swali lake ukumbini, kisha waziri akalijibu katika chumba cha kamati, huku maswali yaliyoelekezwa kwa tume huru, kama vile Tume ya Huduma kwa Walimu, yakijibiwa kwa maandishi. Hii ya mwisho ilikuwa nyongeza nzuri, kwa sababu suala la uhamisho wa mwalimu au la shule isiyo na walimu wa hisabati linahitaji takwimu na tarehe kuliko hotuba. Chumba cha kamati kilikuwa na faida zake pia: muda ulikuwa mrefu, maafisa waliketi karibu na waziri, na hati ziliweza kudaiwa, maana Ibara ya 125 inazipa kamati mamlaka ya Mahakama Kuu ya kuita mashahidi. Kilichokosekana ni wasikilizaji. Mpiga kura wa Turkana au wa Kwale hakuwa na njia rahisi ya kujua ni lini na katika chumba gani swali la barabara yake lilijibiwa.

Mabadiliko ya mwisho yalitoka mahali ambapo wengi hawakuyatarajia. Desemba 2022 Rais William Ruto aliwaandikia Maspika akipendekeza, pamoja na mambo mengine, kwamba mawaziri wafike ukumbini wajibu maswali, na mwaka 2023 kanuni za Mabunge yote mawili zikarekebishwa ili wabunge na maseneta waweze kuwahoji ana kwa ana. Si kawaida kwa serikali kuomba iulizwe, na wapo waliohofu kwamba ukumbi ungekuwa jukwaa la mawaziri kujitangaza. Hofu hiyo imeonekana kuwa na msingi kiasi, kama yalivyo na msingi malalamiko ya wabunge kuhusu mawaziri wanaotuma udhuru siku ya zamu yao. Pamoja na hayo, waziri aliyesimama ukumbini hawezi kusema kwamba barua si yake.

Tanzania haikupitia safari hii, kwa sababu mawaziri wake wamebaki kuwa wabunge, na Ibara ya 63 ya Katiba yake inalipa Bunge uwezo wa kumwuliza waziri yeyote swali kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Kipindi cha maswali mjini Dodoma kwa hiyo kinamkumbusha Mkenya wa makamo jinsi mambo yalivyokuwa Nairobi, pamoja na ahadi za fedha zikipatikana.

Nchini Kenya mwananchi naye amepewa swali lake la maandishi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, inayotokana na Ibara ya 35 ya Katiba, inaipa ofisi ya umma siku 21 kuamua ombi la raia anayetaka maelezo, na raia huyo hahitaji mbunge wala zamu. Kuhusu swali la bunge lenyewe, ikumbukwe kwamba kurejea kwa mawaziri ukumbini kunategemea Kanuni za Kudumu pekee. Ibara ya 153 bado inataja kamati tu, na Bunge lolote lijalo linaweza kuifuta kanuni hiyo kwa kura ya alasiri moja.