Mpira wa Kubakisha

Haya wasomaji wangu, leo siandiki siasa. Siasa ipo tu, haikimbii. Tangu niliposema kwamba nikiwa masomoni Marekani nilijifunza pool ya wazee, nimeulizwa sana hiyo ni pool gani, na ina tofauti gani na hii tunayocheza Ijumaa jioni. Basi leo nawajibu. Vuteni viti.

Pool yetu ya baa mnaijua. Unatia sarafu, mipira inaporomoka, unaipanga kwenye pembetatu, mmoja anabreki kwa nguvu zake zote huku washikaji wanapiga kelele, halafu kila mtu anahangaika na mipira yake hadi mmoja aingize mweusi. Mshindi anabaki mezani, aliyeshindwa anarudi kwenye soda yake. Kubreki ni mara moja tu, mwanzoni, na hapo kinachotafutwa ni nguvu na bahati kidogo.

Pool ya wazee Wamarekani wanaiita straight pool, na kwenye vitabu vya kanuni inaandikwa 14.1. Hakuna mipira yangu na mipira yako. Yote 15 ni ya yeyote, na kila mmoja una pointi moja. Lakini lazima utaje kabla ya kupiga: mpira huu, shimo lile. Ukiingia mwingine badala ya uliotaja, hauhesabiwi. Mnacheza hadi 100, au 125, au 150, kama mlivyokubaliana. Ukikosa, unakaa. Na mwenzako akishika meza unaweza kukaa hadi chai ipoe, uagize nyingine, nayo ipoe.

Sasa nifikie kwenye utamu wenyewe. Mipira ni 15 tu, je, mtu anafikaje 100? Unaingiza 14, unabakiza mmoja. Huo mmoja unaachwa palepale uliposimama, na mweupe nao unaachwa palepale. Ile 14 inapangwa upya kwenye pembetatu, ila nafasi ya mpira wa mbele inaachwa wazi. Kisha unapiga ule uliobaki uingie shimoni, na wakati huohuo mweupe uende kuligonga lile fungu na kulitawanya, upate pa kuendelea. Pigo moja, kazi mbili. Ukiweza, meza imefunguka na unaanza kula tena. Ukiingiza mpira lakini mweupe usifike kwenye fungu, una mipira 14 iliyoshikana kama zege mbele yako na huna cha kupiga.

Kwa hiyo mchezo mzima unategemea mpira unaoubakisha. Mimi nauita mpira wa kuvunjia.

Aliyenifundisha ni mzee mmoja katika mji wa Ohio nilikosoma. Jina lake silitaji, hajaniruhusu. Alikuwa amestaafu kiwandani, anavaa suruali yenye mikanda ya mabegani, na kila siku ya kazi saa nane mchana alikuwa ukumbini. Mimi nilikuwa namwita "Sir" kwa sababu ulimi wangu ulikataa kumwita mtu wa umri ule kwa jina, ingawa mwenyewe alitaka hivyo. Yeye aliniita "son". Tukaenda hivyo.

Siku za mwanzo aliniacha niingize mipira ninavyotaka. Halafu, ikibaki saba au minane mezani, ananisimamisha: "Upi wa mwisho?" Nikimwambia nitaona nikifika, anatikisa kichwa na kwenda kununua kahawa. Kwake kuuchagua mpira wa kuvunjia ukiwa umebaki na miwili ni sawa na kutafuta nauli ukiwa tayari ndani ya daladala. Unauchagua mapema, meza ikiwa bado imejaa, halafu unaicheza ile mingine yote kwa ajili yake.

Na si huo mmoja tu. Unachagua na wa kabla yake, kwa sababu huo ndio utakaouleta mweupe pale unapotaka kusimama kwa ajili ya kuvunja. Huo wanauita mpira wa ufunguo. Mpira mzuri wa kuvunjia bila ufunguo ni nyumba nzuri iliyofungwa.

Mpira mzuri ni upi? Hapa ndipo watu wanapobishana. Ule unaopendwa kuliko yote ni ulio pembeni mwa fungu, inchi chache kutoka nje ya mstari wa pembetatu. Kumbi za wachezaji wa mchezo huu huchora mstari huo kwenye kitambaa, tena si pambo. Kama mpira uliobakisha umeingia ndani ya mstari kiasi cha kuzuia upangaji, kanuni zinauondoa hapo na kuupeleka upande wa pili wa meza, na mpango wako wote umeyeyuka. Kwa hiyo wachezaji huinama kuutazama mstari ule kama refa anayekagua goli.

Ukiwa pembeni vizuri, unaugonga kwa mshazari, unaenda shimo la kona, na mweupe unachepuka kuelekea kwenye fungu. Ukiugonga nusu mpira, yaani mweupe unafunika nusu tu ya ule unaoulenga, nguvu inagawanyika vizuri: mpira unaingia, na mweupe unabaki na kasi ya kuvunja. Ukiwa umenyooka sana, mpira unachukua nguvu yote na mweupe unafika kwenye fungu umechoka. Ukiwa mwembamba sana, mweupe unafika na nguvu zote lakini kuuingiza ule mpira ni majaliwa. Chaguo lako lipo hapo katikati, na hilo katikati ni dogo kuliko mnavyofikiri.

Aina ya pili ni mpira ulio nyuma ya fungu, karibu na ukingo wa chini. Huo unauingiza kona, mweupe unagonga ukingo na kurudi kulivamia fungu kwa nyuma. Hapo mweupe unapoteza kasi ukingoni, kwa hiyo mara nyingi fungu linafunguka kidogo tu, mipira mitatu minne inajitenga na mingine inabaki imekumbatiana. Aina ya tatu ni mpira ulio karibu na shimo la katikati, ambapo mweupe unalifuata fungu kutoka mbele. Ukiangalia unaona rahisi, lakini mweupe ukifika mbele ya fungu unaweza kuganda hapohapo au kuteleza hadi shimoni. Mweupe ukiingia shimoni unakatwa pointi na zamu imekwisha.

Watu wa mchezo huu wana mfalme wao, Willie Mosconi, mtoto wa Philadelphia aliyezaliwa mwaka 1913. Baba yake alikuwa na ukumbi wa pool lakini hakutaka mtoto acheze, na inasimuliwa kwamba mtoto alifanya mazoezi kwa viazi na mpini wa ufagio. Kati ya mwaka 1941 na 1957 alitwaa ubingwa wa dunia mara 15. Tarehe 19 Machi 1954, Springfield, katika jimbo hilohilo la Ohio, aliingiza mipira 526 mfululizo bila kukosa. Wapinzani wa rekodi wanakumbusha kwamba meza ilikuwa ya futi 4 kwa 8, ndogo kuliko zile za futi 4.5 kwa 9 za mashindano makubwa. Sawa. Lakini gawanyeni 526 kwa 14. Maana yake alichagua mpira wa kuvunjia, akaufikia, akauingiza na akalifungua fungu karibu mara 37 bila kusimama! Rekodi ile ilidumu hadi mwaka 2019, John Schmidt alipofika 626. Mwaka 2022 Jayson Shaw wa Scotland akafika 714, ambayo ni kuvunja kama mara 50.

Mkiwa mmeiona ile filamu ya The Hustler ya mwaka 1961, ya Paul Newman na Jackie Gleason, mchezo wanaocheza usiku kucha ndio huu, na Mosconi ndiye aliyekuwa mshauri wa mapigo. Filamu iliyoifuata, The Color of Money ya mwaka 1986, ilihamia kwenye mipira tisa, mchezo wa haraka. Straight pool ikabaki kwa wazee na wabishi wachache. Televisheni haina subira ya mtu anayezunguka meza akitafakari mpira wa kubakisha.

Sasa niwasimulie mchezo wangu wa mwisho na yule mzee. Macho yalikuwa yamemdhoofikia. Mpira ulio mbali alikuwa anauona una ukungu, na binti yake alikuwa anamhamishia jimbo lingine akaishi naye. Alihama Jumamosi, sisi tukacheza Alhamisi. Hadi 100. Yeye alikuwa na 92, mimi 85, zamu yangu, mipira saba mezani.

Kulikuwa na wawili wa kubakisha. Mmoja ulikuwa pembeni mwa fungu, upande wa kulia, mzuri kama wa kwenye kitabu. Lakini kuufikia kwa pembe niliyotaka kulinilazimu kuuvusha mweupe meza nzima, kingo tatu, halafu usimame kwenye eneo dogo kama sahani ya chai. Mwingine ulikuwa nyuma, karibu na ukingo. Ufunguo wake ulikuwa jirani kabisa. Kuufikia ningeweza hata nikiwa na usingizi.

Ningekuwa na mkono wa Mosconi ningechukua wa pembeni. Mkono wangu naujua. Kwa pigo fupi ni mwaminifu, kwa kingo tatu ni mwanasiasa. Nikaubakisha wa nyuma.

Nikaingiza sita, nikafika 91. Mzee mwenyewe akapanga ile 14, polepole, akipapasa pembetatu kwa vidole. Nikapiga. Mpira ukaingia kona, 92 kwa 92. Mweupe ukagonga ukingo, ukarudi, ukaligusa fungu. Ikajitenga mipira minne. Nikala mitatu. Wa nne ulikuwa umezibwa, na mingine kumi imelala pamoja. 95. Nikacheza pigo la kujilinda, nikauficha mweupe.

Tukajilinda mara tano au sita kwa zamu, hakuna aliyetaka kumfungulia mwenzake. Kila pigo la kujilinda linalegeza fungu kidogo. Mwishowe lililegea upande wake. Mipira minane, yote ya karibu, hakupiga hata mmoja wa mbali. Nikagundua kwamba tangu macho yaanze kumchezea, mzee alikuwa ameacha kabisa kubakisha mipira ya mbali, hata iliyokuwa mizuri kuliko ya karibu. Alikuwa anachagua kwa macho aliyonayo, si yale aliyokuwa nayo zamani. 100 kwa 95.

Tulipokuwa tunafuta chaki mikononi akaniuliza, "Kwa nini ule wa nyuma?" Nikamweleza habari ya kingo tatu na mkono wangu. Akafikiri. "Kesho ukiwa na meza ileile?" Nikamwambia ningebakisha uleule. Akasema, "Good," akavaa koti lake.

Mimi hilo limenikaa kuliko kipigo chenyewe. Sisi tumelelewa kuhukumu uamuzi kwa matokeo. Aliyefaulu aliamua vizuri, aliyeanguka aliamua vibaya, kwisha habari. Hata kwenye chumba cha habari ni hivyohivyo, stori ikitoka ukurasa wa kwanza basi uliifuata vizuri, isipotoka ulizembea. Mzee hakuniuliza nimepata ngapi. Aliniuliza sababu, akaipima, akairidhia, ingawa sababu yenyewe ndiyo iliyompa ushindi. Kuna mambo mawili pale mezani, kuchagua na kupata, na mtu anaweza kufanya la kwanza sawasawa akakosa la pili.

Nilijaribu kuuleta mchezo huu kijiweni kwetu. Haukuwezekana, kwa sababu ya kuchekesha kabisa: meza yetu ni ya sarafu, na meza inameza. Mpira ukishaingia umekwenda tumboni, hautoki mpaka utie sarafu nyingine. Hakuna jinsi ya kupanga upya ile 14 na kuacha mmoja, labda mtu awe na gunia la sarafu na mwenye baa awe mpole.

Lakini sehemu moja inawezekana, na ndiyo ninayowaachia kwa wikiendi hii. Ukibaki na mipira yako mitatu kabla ya mweusi, simama. Usipige ulio rahisi kwa sababu tu ni rahisi. Tafuta kwanza ni upi utakaokuweka vizuri kwa mweusi, ukishaupata, uweke wa mwisho na ucheze ile miwili kwa ajili yake. Washikaji watakupigia kelele kwamba unachelewesha foleni. Waambie wanunue soda.