Jina Lako Liko Kwenye Kitabu Gani?



Leo tuongee juu ya kile kibanda cha samaki karibu na steji, pale unapopitia jioni ukitoka kazini.

Unakijua. Karai la mafuta linachemka juu ya jiko la makaa, samaki wamepangwa kwenye kabati la kioo kwa ukubwa wao. Mwenye pesa anachukua tilapia mzima. Ambaye mwezi umemkaba anachukua mgongo wazi, ule mfupa wa mbuta unaobaki viwanda vikishatoa minofu ya kuuza ng'ambo. Mama anamrudisha samaki kwa mafuta apate moto, anamfunga kwa gazeti, nawe unaenda kusonga ugali. Mimi pia ni mteja. Nimekula mgongo wazi miaka mingi na ninamshukuru Mungu kwa kila mfupa.

Lakini kando ya lile kabati kuna daftari la shule, kurasa zimelowa mafuta. Ndani yake kuna majina. Fundi wa pikipiki, 150. Jirani wa ghorofa ya pili, 200. Mama wa kwaya, 300.

Mpendwa, jina lako limeandikwa katika kitabu cha uzima. Haleluya! Sasa nakuuliza: liko pia katika kitabu cha mama samaki?

Huyu mama anatoka nyumbani alfajiri kwenda Gikomba. Kule hakuna wa kumwandikia. Ananunua kwa pesa taslimu. Anaongeza mafuta, makaa na nauli. Faida ya samaki mmoja ni kidogo sana. Kwa hivyo anapokuandikia 200, hajakukopesha faida. Amekukopesha mtaji. Daftari likijaa, karai linapoa.

Kuna mama mmoja mtaani alifunga kibanda wiki mbili. Watu wakasema biashara imerogwa. Haikurogwa. Wateja walikuwa wamekula mtaji wake, na wengine wao walikuwa kwenye kesha wakiomba Mungu awafungulie milango, ilhali wao ndio waliofunga mlango wa mama.

Tuseme ukweli. Fuliza unalipa, kwa sababu pesa ikiingia kwa simu inakatwa kabla hujaiona. Mama samaki hana uwezo huo. Yeye ana daftari na imani yake kwako. Je, utamlipa tu yule anayeweza kukukata kwa nguvu?

Soma Mathayo 17:24-27. Yesu anadaiwa kodi ya hekalu. Anamweleza Petro kwamba kwa haki hawapaswi kulipa, lakini hataki kumkwaza mtu. Anamtuma ziwani, na samaki wa kwanza anatoka na sarafu mdomoni. Mwana wa Mungu alilipa hata asichodaiwa! Sasa wewe samaki umekula, pesa umebaki nayo, na siku hizi unazunguka njia ya nyuma ili usipite kibandani.

Kisha soma Mathayo 5:23-24. Sadaka inaweza kungoja madhabahuni. Ndugu yako mwenye neno juu yako ndiye asiyefaa kungojeshwa. Mimi ni mchungaji na ninahitaji sadaka yako, paa la kanisa bado linavuja. Lakini ikiwa noti uliyoshika ni ya mama samaki, mpelekee kwanza. Mungu hali samaki wa watu kwa deni.

Wazee walisema dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema ni kufunga na kuomba. Basi jioni hii pitia njia ya mbele. Kama huna zote, beba 50 na useme, "Mama, shikamoo, nimekuja kupunguza. Zilizobaki nitaleta Ijumaa." Na Ijumaa uende. Usimtumie aya ya Biblia kwa simu; mtumie pesa. Na wewe mtumishi mwenzangu, usiombe kupunguziwa bei kwa sababu ya kola. Lipa kama wengine.

Omba nami: Baba, nisamehe kwa jasho la mama nililokula bila kulipa. Nipe mkono wa kulipa na uso wa kupita mbele ya kila mlango bila kujificha. Bariki karai lake, makaa yake na watoto wake. Katika jina la Yesu. Amina.

Ukishalipa, rudi hapa uandike Amina. Kabla ya hapo, ngoja kwanza.